Makofi ya Donata

Karthago, Machi

Mpwa wangu Kreskonio,

Salamu nyingi. Uniwie radhi kwa kimya changu tangu mavuno ya zeituni. Sikuwa mgonjwa, nilikuwa nimenuna. Nilikufundisha ufasaha tangu utotoni, nawe ukaenda Sika kuwa kasisi wa Wakristo, watu ambao mimi si mmoja wao. Kifua chako kinaendeleaje?

Sasa nisikilize. Nimezeeka. Mwezi wa Septemba baraza la mji litamchagua atakayerithi kiti changu cha kufundisha ufasaha: wewe, au Faustino, ambaye ana maneno mengi kuliko mawazo. Rudi nyumbani. Mkaza mjomba wako Silvana anakusalimu.

Mjomba wako,
Rogato

Sika, Mei

Shikamoo mjomba,

Kifua kimepona. Natumaini goti lako halikusumbui. Kiti chako nakitamani, na huenda nikarudi, maana hapa nashindwa. Jumapili nilihubiri juu ya kupatana na jirani, nikatumia kila pambo ulilonifundisha. Watu walipiga makofi hata nisiweze kumaliza. Donata, mwoka mikate, aliwashinda wote: "Wape, mwanangu! Wape!" Kisha akaenda kwake, akammwagia jirani yake Sekunda ndoo ya maji machafu kutoka dirishani. Sekunda wa watu alikuwa bado anasifu mahubiri.

Nimekosea wapi? Nisipoweza kumgeuza hata mtu mmoja, narudi kwako.

Mpwa wako,
Kreskonio

Karthago, Juni

Mpwa wangu,

Sisi wazima, ila goti linalalamika. Ningeweza kunyamaza, ukashindwa, ukarudi. Nilijaribu. Lakini mwalimu hawezi kuona hotuba mbaya akaiacha ilivyo.

Msemaji ana kazi tatu: kufundisha, kupendeza, na kumsukuma msikilizaji atende. Wewe umeishia kwenye ya pili. Umewalambisha asali, wakaenda zao wakilamba vidole. Punguza mapambo. Waeleze habari za ndoo, kwa maneno ya sokoni. Ukiona mikono inainuka kupiga makofi, nyamaza mpaka ishuke.

Haya, nimekusaidia unikimbie. Silvana anacheka; mimi sioni cha kuchekesha.

Mjomba wako,
Rogato

Sika, Agosti

Shikamoo mjomba,

Lipe pole goti lako. Nilifanya ulivyosema. Nilizungumza juu ya ndoo, basi. Hakuna aliyepiga makofi. Donata akapaza sauti katikati ya watu: "Kasisi, unanisema mimi?"

"Nimesema ndoo, mama."

"Ndoo ya nani?"

Kanisa zima likacheka, naye akacheka, kisha machozi yakamtoka. Jioni alimpelekea Sekunda mkate wa moto. Sekunda akaumega, akaonja: "Chumvi imezidi." Waligombana hadi giza likaingia, lakini wakiwa wamekaa kizingiti kimoja.

Mjomba, nabaki. Nisamehe, kiti mpeni Faustino. Nilimsomea askofu barua yako, akataka aisikie tena. Anakuomba uje utufundishe sisi makasisi kusema. Hatakulazimisha ubatizwe. Atakuombea tu, hilo hawezi kuliacha.

Mpwa wako,
Kreskonio

Karthago, Septemba

Mpwa wangu,

Salamu. Barua yako imeandikwa ovyo, na nimeisoma mara nyingi. Baraza limempa Faustino kiti. Alinishukuru kwa hotuba ndefu. Wanafunzi walisinzia, nami nikawaonea wivu.

Kuhusu Sika, nimefuata desturi yetu ya kutetea pande zote mbili. Nilisimama mbele ya Silvana nikatetea kubaki: goti, umri, miungu ya baba zangu. Kisha nikatetea kwenda: makasisi wasiojua kumaliza sentensi, na wewe. Pande zote mbili zilishinda.

Silvana alisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Huko kuna baridi?"

"Sika iko milimani," nikasema. "Lakini mke wangu, hukumu bado."

"Sawa, bwana. Wewe hukumu."

Anafunga mablanketi. Nimemweleza kwamba jambo hili linahitaji kupimwa kwa utulivu, akaniomba nimshikie kamba. Nitakuandikia nitakapokuwa nimeamua.

Mjomba wako,
Rogato