Injini Isiyokojoa

Jumanne, 6 Mei

Injini imenigomea leo katikati ya maji. Ilianza kunuka mpira unaoungua, nikageuka kuitazama — mkojo wake umekauka! Injini ya boti iliyo nzima hukojoa: maji inayoyavuta ili ijipoze hutoka pembeni, mchirizi mwembamba. Yangu kavu kabisa. Nikaizima hapo hapo, nikapiga kasia mpaka nyumbani. Viganja vimechubuka, hata kuandika ni taabu.

Nilikuwa naenda ng'ambo kumwona mjukuu. Aa, nani nitamdanganya humu? Nilikuwa naenda kumchukua mke wangu.

Alikwenda kumsaidia binti yetu alipojifungua. Mpaka mtoto akaze shingo, alisema. Mtoto amekaza shingo. Amekaa, ametambaa, ana meno mawili. Hatukugombana. Hakusema harudi. Mimi sikuuliza.

Alhamisi, 8 Mei

Kwa fundi. Yule tunayemwita Redio, kwa sababu akianza kusema hana pa kuzimia. Nikamwambia haikojoi. Hakuinua hata kichwa. Akasema ni impela hiyo, kile kigurudumu cha mpira chenye mbawa kinachosukuma maji, mpira ni mpira tu, unachoka. Akataka kuja kunifungia nyingine. Nikakataa. Akasema mzee, kazi ile ni ya watu wawili, mmoja anyanyue mguu wa injini, mwingine aelekeze shafti. Nikamwambia ninaye mtu.

Uongo mtupu! Lakini Redio akiingia nyumbani kwangu ataona sahani moja kwenye beseni, ataanza: mama yuko wapi, anarudi lini? Kesho yake gati zima litajua mambo yangu kuliko ninavyoyajua mimi.

Nimenunua impela na gasketi zake. Nimerudi nazo mfukoni, nazipapasa njia nzima.

Ijumaa, 9 Mei

Nimefungua. Bolti nne zilitoka kwa heshima zao. Ya tano ikakataa — kutu. Nikaitia mafuta, nikaitukana, nikaenda kunywa chai, nikarudi, ikatoka. Mguu mzima ukanishukia mikononi na propela yake. Mzito! Nikaufunga wima kwenye nguzo ya uzio.

Impela ya zamani haina mbawa mbili. Zilizobaki zimekuwa ngumu, zimejikunja. Kufunga mpya si kazi ya akili, ni kazi ya mikono: unaipaka grisi, unaipitisha kwenye shafti, unaweka kile kichuma kidogo kinachoishika isizunguke bure, halafu unashindilia kifuniko huku unazungusha shafti, mbawa zote zilale upande mmoja. Shindilia huku, zungusha kule. Mikono miwili haitoshi.

Miaka yote mwenye kuzungusha alikuwa mke wangu. Anazungusha huku ananisimulia habari za majirani, nani kahama, nani kanuna, nami namwambia nyamaza mwanamke, utanikosesha. Leo hakuna wa kunikosesha na nimekosea kila kitu. Kichuma kimedondoka mchangani, nimekitafuta kwa magoti kama mtu anayetafuta jino lake. Nilipokipata sikuinuka. Nilikaa pale chini. Nimemkosa, basi, nimeandika.

Mwisho nikabana shafti kwa magoti, kifuniko nikakisukuma kwa kifua. Kurudisha mguu, nikapanga matofali na ubao, nikaupandisha kidogo kidogo, bega langu chini yake. Bega sasa hivi halitaki kunisikia.

Jumamosi, 10 Mei

Nimeitumbukiza kwenye pipa la maji, nikawasha. Kavu!

Nimezima. Sina hamu hata ya kula.

Jumapili, 11 Mei

Nilikuwa napiga mswaki, ikanijia: zile mbawa mbili zilizokatika zilikwenda wapi? Mpira hauyeyuki! Juzi nimeishika impela ile, nimeona pengo kwa macho yangu, nikaitupa, nikaendelea. Fundi anayeanza kazi leo asingefanya hivyo. Ila mwenye haraka ya kwenda ng'ambo hufanya.

Nikafungua yote upya. Ubawa mmoja ulikuwa umekwama mdomoni mwa bomba linalopandisha maji, wa pili juu yake kidogo. Nimezivuta zote mbili kwa waya, polepole, ulimi nje. Nikafunga tena. Matofali, ubao, bega lile lile.

Nikawasha — imekojoa! Mchirizi safi, unaruka mpaka ukutani! Nikapiga makofi peke yangu uani, kuku wa jirani wakatimka. Nikampigia mke wangu hapo hapo. Nikapiga kelele, inakojoa, mama, inakojoa! Akacheka. Akasema hata huku tunakojolewa mchana kutwa. Nilikuwa nimekisahau kicheko kile, kinavyoanzia puani.

Nikasema basi, Jumatano nakuja. Nikamsikia binti yetu nyuma yake, anauliza rangi ya chumba chako imeshakauka mama, kitanda tukiweke dirishani au mlangoni? Mke wangu akaziba simu kwa kiganja. Aliporudi akasema, njoo, mtoto atafurahi.

Mtoto.

Jumatatu, 12 Mei

Sikufanya kitu leo. Chumba wanachokisema kilikuwa stoo, nakijua, kilijaa magunia na baiskeli mbovu. Mtu hahamishi magunia na kupaka rangi kwa ajili ya mgeni wa wiki moja.

Siku hizi chache injini ilipokuwa mbovu, yeye alikuwa na sababu ya kutorudi na mimi nilikuwa na sababu ya kutouliza. Raha yetu hiyo. Sasa nimeitengeneza kwa mikono yangu mwenyewe, mjinga mimi.

Jumanne, 13 Mei

Nimefua mashuka. Nimetandika mito miwili, nikaona haya kama kijana, nikautoa mmoja. Nikaurudisha. Naogopa. Nimevuka maji haya kwenye mawimbi ya kila namna, na sikumbuki kuogopa hivi.

Jumatano, 14 Mei

Naandika nikiwa botini, gati la ng'ambo. Kungoja bila kushika kitu kutaniua. Injini imekojoa njia nzima, nimeitazama yenyewe kuliko nilivyotazama mbele. Sijaizima. Nimeikalisha hapa inanguruma chini kwa chini.

Nimempigia nikamwambia nipo hapa chini. Akasema panda, chai ipo. Nikasema sipandi, upepo utakuja, njoo twende. Nimelisema! Twende. Nikasikia mtoto akilia, kisha mke wangu akasema haya, nakuja.

Huyo anatoka. Anashuka ngazi, anashika ukuta, goti lake lile. Amenenepa kidogo, amependeza. Amevaa ndala za ndani. Mkononi ana bakuli lenye kifuniko, kalifunga kwa kitambaa asilimwage — chakula cha njiani. Bakuli dogo. La mtu mmoja.

Amenipungia. Nimempungia. Nafuta kiti chake, kimelowa kidogo.