Kovu Lilelile

Dada mpendwa,

Mtoto wa kike ni mzima, na kile kisweta ulichofuma kimemkaa sawasawa.

Kabla ya upasuaji, daktari aliuliza nimeshapasuliwa mara ngapi. Mume wangu, anayemjua mtoto mmoja tu niliyekuja naye, alikuwa kando, basi nikasema, "Moja tu." Wanangu watatu wa mwanzo wote walipitia kovu lilelile, hivyo daktari akaniamini. Ndani akakuta kibofu kimegandana na mfuko wa uzazi. Damu ilimwagika, nusura nife kwa uongo wangu.

Nilipozinduka daktari alininong'oneza, "Mama, wale wengine wako wapi?"

"Wako kwa dada yangu," nikasema. Ndiyo mara yangu ya kwanza kuwataja tangu niolewe huku.

Usiwasomee barua hii. Waambie tu wamepata mdogo wao.

Mdogo wako,
ninayeona haya kuandika "mama yao".