Chumba Chenye Ukuta Mmoja wa Kijani

Nyumba ya mwisho,
Nyuma ya karakana ya makochi.
Jumapili, tarehe 9 Juni, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa dada yangu,

Shikamoo. Naiweka mapema kabisa, maana mara ya mwisho niliisahau kwenye simu ukaninunia siku mbili. U mzima? Goti linaendeleaje? Na wenzako wa wodini wamekubali kwamba Agosti unastaafu kweli, au bado wanakuficha fomu? Sisi huku tu wazima. Wifi yako mzima, binti yetu mzima, mimi mzima ila mgongo, na mgongo wa fundi makochi si habari mpya.

Kilichonifanya nishike kalamu ni chumba chako. Plasta imekauka, dirisha limekaa, mlango unafunga bila kusukumwa na bega. Imebaki rangi tu, na hapo ndipo nilipokwama, dada, kama sindano iliyozama kwenye sponji.

Unakumbuka mama alivyotugawia rangi? Alichoka na ugomvi wetu, akatangaza kila mtu na rangi yake: kikombe cha enameli, taulo lenye uzi wa rangi hiyo kwenye pindo, hadi nukta kwenye mpini wa kijiko. Kichwani mwangu mimi nilikuwa njano na wewe kijani. Sijawahi kuwa na shaka hata siku moja.

Nimekuwa mtu wa njano maisha yangu yote. Baiskeli yangu ya kwanza niliipaka njano kabla sijajua kuiendesha. Siku ya harusi nilivaa tai ya njano, na picha unazo, nakuomba usiwaonyeshe watu. Mlango wa karakana ni wa njano. Wateja wananiita Kiini, kifupi cha kiini cha yai, na akija mtu asiyejua anataka kitambaa gani, anaondoka na kochi la njano na haelewi ilikuwaje.

Basi kwa chumba chako sikujiuliza mara mbili. Nilinunua ndoo mbili za kijani nikamwita fundi rangi. Alipomaliza ukuta wa kwanza, mama mdogo akaingia kukagua, akakalia ndoo iliyofunikwa.

"Chumba cha nani hiki?"

"Si cha dada, mama."

"Sasa mbona umekipaka rangi yako?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. "Kijani ulikuwa wewe, baba. Njano dada yako. Siku alipochukuliwa na shangazi yenu akaishi kwake, ulikikumbatia kikombe chake, ukalala nacho, ukagoma kunywea kingine. Siku tatu! Mama yako akasema, mwacheni nacho, masikio yetu yapumzike. Chako cha kijani akakifunga kwenye mzigo wa mwenzio, asiende bila kikombe."

Fundi rangi akabaki ameinua brashi, rangi inamdondokea kwenye kiatu. "Bosi, niendelee au nisiendelee?" Nikamwambia aende akanywe chai. Mpaka leo anakunywa hiyo chai.

Dada, sijui nishike lipi. Ningemwamini mama mdogo moja kwa moja, ila siku hiyohiyo aliniita mara mbili kwa jina la marehemu mjomba, na miwani yake tuliikuta ndani ya ndoo. Nikaenda kwa baba mkubwa. Akafikiri sana, akasema wote wawili tulikuwa bluu.

Mwenyewe nikijikagua, siku hizo tatu sizioni kabisa. Nilikuwa na miaka sita, wewe kumi na mmoja. Naona mgongo wako ukipanda gari, naona shangazi akikusukuma kiunoni, naona gauni lako, lakini hata gauni halina rangi. Kikombe cha njano ninacho, kimebanduka ukingoni, na chai ya asubuhi nimeinywea humo hadi majuzi. Cha kijani sijakiona tangu utoto. Nilidhani kilipotea, vitu hupotea.

Sasa asubuhi nikikishika nasita. Miaka arobaini na minne nasema naipenda njano. Je, naipenda, au nilikuwa nakulilia wewe nikasahau kunyamaza? Naangalia mlango wa karakana kama mlango wa mtu mwingine. Wiki iliyopita mteja kaniuliza rangi gani itamfaa, nikamjibu, "Hata sijui." Akaenda kumwambia wifi yako kwamba naumwa.

Halafu nikakumbuka miaka tisa iliyopita, ulipokuja siku tatu kumzika mama. Kilemba ulichovaa kilikuwa cha kijani. Niliona nikajisemea, naam, dada ni yuleyule. Sasa sijui nilimwona nani.

Wifi yako anasema, "Si umpigie umuulize? Simu unayo." Nakujua wewe. Utasema, "Yoyote tu, mdogo wangu, usijisumbue," kama ulivyosema kuhusu kitanda, pazia na choo kikae upande gani. Ninachoogopa ni hiki: unarudi nyumbani moja kwa moja, halafu unalala katika chumba kilichopakwa na mdogo wako asiyejua hata rangi uipendayo. Utajiona mgeni, na utanificha kwa adabu zako.

Kwa hiyo nimesimamisha kazi. Ukuta mmoja ni wa kijani, mitatu ni plasta tupu.

Nina ombi moja tu. Kabla hujafunga masanduku, angalia kabatini, nyuma kabisa, zinakokaa zile bakuli usizozitumia. Kama kuna kikombe cha enameli cha kijani, usikitie kwenye sanduku. Kishike mkononi njia nzima.

Wifi yako anakusalimu sana. Binti yetu anasema shangazi ajue kwamba kitanda ameshakijaribu na hakilii. Mama mdogo anakusalimu pia. Alitaja jina lingine, lakini ni wewe alikuwa anakusema. Nisalimie jirani yako mwenye paka.

Mungu alilainishe goti lako na akufikishe mlangoni salama.

Kikombe cha njano nimekiosha, nimekiweka dirishani mwa chumba chako. Siku hizi nanywea glasi, na chai haina ladha. Ukija na cha kijani tutaviweka pamoja, nitamimina chai, na wewe mkubwa utaanza kuchukua. Kitakachobaki ndicho changu, na safari hii sitalia.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye kwa rangi zote mbili mpaka utakaponijibu,

Kiini