Maji ya Moto Yamemkataa Mama

Mama Mshauri mpendwa, shikamoo. Nakusoma kila wiki na sikuwahi kudhani kwamba siku moja mimi ndiye nitakayekuangukia, tena si kwa habari ya mume wala ya wakwe kama wenzangu bali kwa habari ya maji ya kuogea, na tafadhali usicheke kwanza, kwa sababu Jumamosi hii kaka yangu anakuja na gari kumchukua mama yetu na kuifunga nyumba tuliyokulia, na chanzo cha yote ni maji ya moto.

Baba yetu alikuwa fundi saa, alifariki mwaka jana. Baada ya msiba mama alikwenda kupumzika kwa mama mdogo, na kaka, ambaye ana moyo mzuri ila ana pupa, akaona amtengenezee mama bafu kabla hajarudi, akabomoa ukuta, akaweka vigae vyeupe, chuma cha kushikilia na koki mpya zinazong'aa, kisha akanipigia simu kwa furaha akaniambia fundi bomba amenyoosha kila kitu, yale mabomba ambayo mzee aliyapitisha ovyo ovyo sasa yamekaa kama mabomba ya watu. Mama akarudi, akashukuru, akaingia kuoga, akatoka anatetemeka. Akasema maji ni baridi.

Tukadhani ni boila, lile tangi la kupashia maji, maana ni la siku nyingi na linanguruma likianza kupata moto. Fundi akaitwa, akafungua bomba, maji ya moto yakatoka, akasema hakuna tatizo. Akaondoka, mama akaingia, baridi. Akaitwa tena, safari hii akalimwaga tangi lote, akatoa kutu na magamba ya chokaa, akabadilisha koili ya kupashia, akajaribu mwenyewe, moto. Mama akaingia, baridi. Akarudi akabadilisha na kile kidude kinachopima joto na kukata umeme, akajaribu, maji yakatoa mvuke, akatuaga, na mama akaoga baridi kama kawaida. Sasa fundi hapokei tena simu zetu na sina cha kumlaumu.

Mimi naishi mji mwingine, basi mwisho wa mwezi nikaenda nikaone kwa macho yangu. Nikaingia bafuni, nikafungua, nikangoja kidogo kwa sababu maji ya nyumba ile huchelewa kufika, yakaja moto mpaka nikaondoa mkono. Nikafunga, nikamwita mama. Lile bafu ni jembamba, akiingia mtu mmoja, wa pili anabaki mlangoni akitazama mgongo, kwa hiyo nilitoka nikampisha, nikamsikia anafungua, anangoja, anangoja, halafu akaniambia nipitishe mkono begani kwake nishike. Mama Mshauri, yale maji yalikuwa baridi kama ya kisimani. Wifi yangu, mke wa kaka, anasema tusiyaseme sana mambo haya, kwamba maji yalikuwa yanamjua mwenyewe na mwenyewe hayupo.

Sasa mama anachemsha maji jikoni na kuyabeba na sufuria hadi bafuni, na wiki iliyopita yalimwagika yakamuunguza mguu. Hapo ndipo kaka aliposema basi, mama hawezi tena kuishi peke yake.

Lakini kinachomtisha kaka zaidi ya mguu ni maneno. Mwisho wa mwezi ule nilipokuwa pale, kaka alipomuuliza mama hasa maji yana nini, mama alimtazama kwa upole akamjibu, "Baba yenu ameondoka na buluu yake." Kaka akanigeukia, na nikajua anafikiri nini.

Hiyo buluu lazima nikueleze. Tulipokuwa wadogo baba alilifunga lile boila mwenyewe, kwa imani kwamba mtu anayeweza kuifungua saa ya mkononi na kuirudisha hashindwi na kitu kikubwa kuliko saa. Ukuta ulipokwisha kusakafiwa na kupakwa rangi ndipo tulipogundua kwamba koki nyekundu inatoa maji baridi na ya buluu inatoa ya moto. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Baba akasema ukuta umeshapakwa rangi, tutazoea. Na kweli tulizoea, hadi kwetu buluu ikawa maana yake moto, mama akitumiminia chai akasema ni buluu tunajua tupulize kwanza, na mimi nilirudishiwa mchoro shuleni kwa sababu nilichora jiko nikapaka moto wake buluu na sikuelewa mwalimu anakasirika nini. Wageni tulikuwa hatuwaambii kwa makusudi, tunajipanga nje ya mlango wa bafu tukisubiri ukelele. Baba ndiye aliyekuwa anaamka kabla ya wote kuwasha swichi, na maji yakiwa tayari anapita vyumbani akigonga milango kwa kile kibano chake cha kazi, taratibu, akisema "Buluu tayari, buluu tayari," nasi tunatoka na mataulo mabegani tunasukumana. Yeye alikuwa anaoga mwisho kabisa, maji yameshapoa, anaimba kwa sauti ili tusimwonee huruma. Bado nakisikia kile kibano mlangoni. Natamani nikisikie hata mara moja tena.

Kwa hiyo mama aliposema baba ameondoka na buluu yake, mimi nililia, kwa sababu nilielewa anaongelea joto la nyumba ile, furaha yetu, mumewe. Lakini kaka anasikia mtu aliyechanganyikiwa. Anasema mama anaona baridi ambayo haipo, nikimkumbusha kwamba mimi mwenyewe niliishika anasema na mimi nina huzuni. Na juzi kwenye simu, Mungu anisamehe, nilichoka nikamwambia labda ana haki. Mama hajabisha. Aliniambia tu, "Mimi sihami, mwanangu. Nataka kuoga." Nimekosa usingizi. Je, ni uzee, ni majonzi, au ni hayo anayosema wifi? Nimwache kaka amchukue?

Ni mimi, binti wa fundi saa.

MAMA MSHAURI ANAJIBU

Binti wa fundi saa, marahaba. Umeniliza, halafu umenikasirisha, halafu nimeisoma barua yako tena nikacheka peke yangu ofisini mpaka wenzangu wakaja kuniangalia. Mama yako ana akili timamu kuliko nyinyi wote, na wifi yako ndani.

Tuanze na boila, maana limesingiziwa vya kutosha. Boila bovu halichagui mtu. Koili ikiungua, nyumba nzima inaoga baridi. Kipima joto kikiharibika, maji yanakuwa vuguvugu kwa kila mtu au yanaunguza kila mtu. Magamba yakijaa chini ya tangi utasikia kunguruma na maji yatawahi kwisha, lakini yatawahi kwisha kwa mkubwa na kwa mdogo. Maji yakiwa moto kwa fundi, moto kwako, baridi kwa mama, katika bafu hilo hilo na asubuhi hiyo hiyo, acha kulitazama tangi. Tazama mkono unafungua wapi.

Fundi alifungua nyekundu, kwa sababu kila fundi duniani anafungua nyekundu. Wewe ulifungua nyekundu. Mama alifungua buluu, kama alivyofungua tangu nyinyi mkiwa wadogo. Kaka yako alikuambia kwa kinywa chake kwamba fundi amenyoosha mabomba yote, na aliyeyanyoosha mabomba alilinyoosha na kosa la baba yako. Sasa kwenye koki mpya buluu inatoa baridi kama kwa watu wengine. Ukuta ulipobomolewa hakuna aliyelikumbuka hilo, na mama hakuwepo wa kulikumbusha.

Utaniuliza mbona hakujaribu nyekundu. Hebu fikiri kama yeye. Anafungua ya moto, inatoka baridi. Anangoja, kwa kuwa nyumba ile lazima ungoje. Bado baridi. Kwake yeye nyekundu ni ya kupozea, sasa afungue nyekundu ya nini, achanganye baridi na baridi? Anafunga, anakwenda jikoni kubandika sufuria. Hakuna mtu mwenye akili zake ambaye angefanya vingine. Na alikuambieni. Mlipomuuliza maji yana nini, alijibu kwamba baba yenu ameondoka na buluu. Wewe ukasikia shairi, kaka yako akasikia wazimu, na mama wa watu alikuwa anawatajia koki.

Wewe ndiye uliyenikasirisha, mwanangu, si kaka. Kaka ana pupa, umesema mwenyewe. Lakini wewe umeniandikia kisa chote cha buluu kwa mkono wako, mchoro, kibano, mataulo, hukuacha kitu, halafu ukaniuliza kama ni uzee. Unaukumbuka utoto wako vizuri sana na bado ulipoingia bafuni mkono wako ulikwenda kwenye nyekundu bila kukuuliza. Sikulaumu kwa hilo. Umeoga kwenye nyumba za watu miaka mingi. Nyumbani kwetu swichi ya sebuleni ilikuwa nyuma ya kabati, ilibidi upenyeze mkono kama mwizi, na mimi na uzee huu, nyumba yangu ikiwa giza, bado napapasa nyuma ya kabati nisilokuwa nalo. Mama yangu alikuwa akiniambia taratibu, utaangusha vyombo. Ningelipa chochote nimsikie akinigombeza. Kwa hiyo namwelewa mama yako mpaka kwenye vidole.

Sasa fanya hivi, na ufanye leo. Mpigie kaka umwambie nilichokuambia, kwa utaratibu, bila kumfanya mjinga, kwa sababu lile bafu alilijenga kwa mapenzi na ataumia akijua ndilo lililomkosesha mama maji ya moto. Jumamosi aje na gari lake vile vile, lakini ndani ya gari ampakie yule fundi, baada ya kumwomba radhi kwa simu zenu zote. Mguu wa mama upelekwe kwa daktari kabla ya hapo, maji ya kuchemka si kitu cha kupaka dawa ya kubahatisha. Na sufuria ile isibebwe tena kutoka jikoni hata mara moja.

Mkifika, usimfundishe mama kufungua nyekundu kama mtoto. Mwombe akuonyeshe anavyofungua, usimame mlangoni, na safari hii utazame mkono, si mgongo. Mwambie kilichotokea. Atacheka, nakuhakikishia, huyo ndiye aliyecheka mpaka akakaa chini. Akishacheka mwulize anataka iweje, kwa maana bafu ni lake. Akisema atazoea nyekundu, sawa. Akisema anataka kama zamani, fundi ayapishanishe tena yale mabomba mawili kwa nje, kabla hayajaingia ukutani, ili vigae vya kaka visiguswe, na msibishane naye hata kidogo. Kipima joto kishushwe, ngozi ya mtu mzima huungua upesi. Na wekeni alama wazi kwa ajili ya wageni, mchezo wenu wa kusubiri ukelele ulikuwa mbaya na nyote mnajua.

Wifi yako mwambie kwa heshima kwamba maji hufuata bomba.

Kuhusu kuhama, sioni hata cha kujadili. Mtu aliyesema anataka kuoga apewe maji aoge. Kama siku moja atachoka kuishi peke yake, atasema, na mmeshaona kwamba akisema anasema wazi, nyinyi ndio mliosahau lugha ya kwenu.

Jambo la mwisho. Usirudi mjini kwako Jumamosi hiyo hiyo. Lala hapo. Asubuhi amka kabla ya mama, washa swichi, na maji yakiwa tayari tafuta kitu cha chuma, hata kijiko, ugonge mlango wake taratibu. Maneno ya kusema unayajua.