Habari za Nyumbani, Kwenye Kona

Mwaka umetimia, Mama, tangu ile asubuhi ya Jumamosi ulipotutoka, na bado wapo wateja wanaofika na furushi la mashuka, wanaita jina lako mlangoni, kisha wanakumbuka na kuinamisha macho. Tunawapokea. Kufua tunafua na pasi tunapiga, ila zile pindo zako hatuziwezi. Mwenye nyumba ya wageni amesema siku hizi mashuka yake yananyooka kiasi. Kwa mtu mpole kama yule, hilo ni tusi.

Kalamu nimeshika mimi, mkubwa wako, maana ukubwa ni jalala. Lakini maneno ni ya nyumba nzima. Mumeo ameyasoma yote, akafuta mahali pamoja, na mimi nikaparudisha.

Ulikuwa dobi miaka ishirini na sita. Ulifanya kazi katikati ya kamba nne za mashuka, huonekani, sauti tu ndiyo inatoka: nani hajala, nani kavaa soksi za mwenzake, nani anadhani hajaonekana. Mtaa ukakupa jina la Mama Kipaza, nawe ukaitika bila kinyongo. Ulikuwa ukiweka kidole kwenye doa unalitaja: hii chai, hii dawa ya kifua, hapa mtu amelia mpaka wanja ukashuka. Shuka la aliyelia ulilipiga pasi mara mbili. Hukutuambia kwa nini, nasi hatukuuliza, na sasa tunajuta.

Mlango wetu, Mama, ulibaki mbao tupu muda wote huo, na mumeo ni fundi rangi. Watu walicheka, kinyozi hajinyoi. Kitinda mimba wako, Sisimizi, alianza kuomba mlango wa kijani tangu yuko darasa la tatu. Jibu lako lilikuwa lilelile kila mwaka: "Rangi na mashuka meupe havikai nyumba moja. Watu wanapita hapa na mafurushi kutwa. Siku shuka la mteja litakapoguswa, utalifua wewe kwa hizo mbio zako?" Mumeo akanunua kopo la kijani kimyakimya, akalisukuma chini ya kitanda, akasubiri moyo wako ulegee. Ulilijua lile kopo. Ulikuwa ukilifagilia pembeni kila Jumamosi.

Na mbio zake zilikuwa mbio kweli. Mdogo wa umbo, hachoki, ndiyo maana tukamwita hivyo. Shule yake ilipoanza kufika mashindano ya taifa ya mbio za nyika kwa shule za sekondari, yeye alikuwa kidato cha kwanza, mwisho kwa kimo katika wasichana sita. Ulijifunza zile mbio kama ulivyojifunza madoa. Kwamba hawakimbii uwanjani bali kwenye majani, matope na mtaro. Kwamba nafasi za wanne wa kwanza wa kila shule zinajumlishwa, na mwenye jumla ndogo ndiye bingwa, kwa hiyo hata mtoto wa nne anabeba wenzake.

Watazamaji wote hukaa kwenye turubai, mwanzo na mwisho. Wewe siku ya kwanza ulilizunguka shamba lote la mbio kwa miguu, ukarudi ukasema umepata mahali pako: ile kona ya nyuma ya kilima, baada ya mtaro, penye vichaka vya miiba. Hakuna mtu anayekaa pale.

Mwalimu wa michezo alikufuata. "Mama, huku kuna kivuli, kuna viti."

"Huko kila mtu anapiga kelele, kaza, kaza," ukamwambia. "Kukaza anajua, ndiyo kazi iliyomleta. Asichojua ni nyumbani kukoje."

Basi Sisimizi alipotokea kwenye kona, ulimi nje, kilomita mbili zimebaki, ukampigia ukelele uliowashtua ndege: "Paka kazaa! Watatu!" Alipofika mwisho hakutaka hata maji. Aliuliza, "Wa rangi gani?"

Mwaka uliofuata ilikuwa, "Dada yako kaposwa!" Hapo ulinitangaza mimi, kabla sijawaambia hata shoga zangu. Wasichana sabini wasionijua walinijua siku ile, na mmoja wao alinipa hongera wakati wa kupokea medali. Ukakataa kutaja bwana harusi mpaka Sisimizi avuke mstari. Ulikuwa na kanuni: nusu kwenye kona, nusu mwishoni. Mtu hakimbilii jambo ambalo analijua lote.

Mwaka jana ulilazwa wiki mbili kabla ya mbio. Ulikataa katakata Sisimizi aitwe kutoka kambini. "Mwacheni mtoto akimbie. Mimi na hiki kitanda hatuna safari." Ijumaa jioni ulitutoa nje, ukabaki na mumeo. Alipotoka alikuwa amejaa neno, anatembea taratibu kama mtu aliyebeba beseni la maji. Nikamuuliza umesema nini. "Ni la kwenye kona," akasema. "Ameniapisha nisilimwage njiani."

Jumamosi tukaenda, yeye na mimi. Mama mdogo alibaki nawe. Saa mbili akatupigia simu tukiwa tumeshafika shambani, na mbio za wasichana zilikuwa saa nne.

Hatukulia. Sijui kwa nini, labda kwa sababu palikuwa na watu wengi waliofurahi. Mumeo alisema tu, "Twende kwenye kona." Tukasimama pale pako, kwenye miiba. Sisimizi alitokea akiwa wa nne, akatuona sisi wawili, akainua macho kukutafuta, kisha akamtazama baba yake akisubiri habari. Nilimwona mumeo akifungua mdomo na neno lako likiwa pale pale. Akapaza sauti: "Nyumbani salama!"

Mtoto alitabasamu, Mama. Akapita. Akamaliza wa pili katika nchi nzima, akaja mbio kwa baba yake huku amepinda mgongo anahema. "Salama vipi? Nipe nusu nyingine."

Hapo ndipo tulipomwambia.

Hakumgombeza baba yake, na ingekuwa nafuu kama angemgombeza. Kila asubuhi, "Shikamoo, Baba." "Marahaba, mwanangu." Kila jioni, "Baba, chakula tayari." Mwaka mzima hakuongeza neno. Siku mumeo alipomwambia shangazi yuko salama, alikwenda dukani kumpigia simu shangazi mwenyewe. Mumeo alimwona akitoka. Alikaa kitandani na brashi zake akizisafisha, na zilikuwa safi.

Viatu vya mbio alimrudishia mwalimu. Mwalimu akavileta tena, akaviweka kwenye meza yako ya pasi, akaondoka bila kuhubiri. Wiki tatu tulipiga pasi tukivizunguka. Asubuhi moja hatukuvikuta, na njia ya nyuma ya nyumba ilikuwa na alama za meno ya viatu kwenye udongo. Yuko kidato cha nne, na mashindano ya mwaka huu ndiyo yalikuwa yake ya mwisho.

Siku ya kwenda kambini alimuaga kila mtu. Kwa baba yake alisema, "Baba, njoo. Lakini kwenye kona usije."

"Sawa, mwanangu."

Jumamosi iliyopita tulikaa kwenye turubai, kwenye kivuli, kwenye viti ulivyovikataa. Mumeo alivaa zile kandambili zake za kazi, akaweka mikono magotini. Bunduki ikalia, wasichana wakaondoka. Tukawaona wanapanda kilima, wanapotea. Sisimizi alikuwa wa tisa, na hakuwa anakimbia vizuri. Ndipo mumeo akasema, bila kunitazama:

"Lipo bado."

"Lipi, Baba?"

"Neno la mama yako. Sijalitoa."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Mwaka mzima? Si ungemwambia hata jikoni?"

"Nimwambieje? Kwamba nilimpa uongo, na ukweli nimeukalia? Kila nikitaka kusema naona uso wake ule, anacheka." Akafuta macho kwa mkono wenye rangi ya nyumba za watu. "Nilimwogopa mtoto wangu. Na sasa amenikataza."

Hapa ndipo alipofuta. Alisema kumwogopa mtoto si jambo la kuandika. Nimeliacha kwa sababu wewe ungeliacha.

Nikamwambia, "Baba, inuka."

Mumeo hajakimbia tangu sisi tuzaliwe, unamjua. Lakini alikatisha lile shamba, goti bovu na zima, watu wanacheka, mwamuzi anapiga filimbi. Kandambili moja ilimtoka kwenye mtaro. Nilikuwa nyuma nimeishika nilipofika kwenye miiba, na yeye ameshika kiuno, hana pumzi hata ya kuzima mshumaa. Na Sisimizi akatokea.

Alimwona, akageuza uso.

"Mama yako kasema mlango upakwe!" Sauti ya mumeo si yako. Ilipasuka katikati. "Upakwe kijani!"

Alisimama, Mama. Katikati ya mashindano ya taifa, mtoto alisimama kama anasubiri gari. Msichana mmoja akampita, na mwingine.

"Kasema lini?"

"Mwaka jana. Ijumaa. Alinituma nikwambie hapa, nikashindwa, nikakudanganya. Nisamehe."

Akamtazama mguu ule usio na kandambili, ukitoka damu kidogo kwa miiba. "Kijani kipi?"

Na mumeo, ambaye miaka yote tulidhani alikuwa akizivumilia tu kanuni zako, akasema, "Maliza kwanza."

Alimaliza wa sita. Wanaojua wanasema zile kilomita mbili za mwisho hakuna msichana aliyezikimbia hivyo siku ile. Lakini alikuwa amesimama, na shule ilikosa kombe kwa pointi moja. Mwalimu aliangalia karatasi, akamwangalia mumeo mwenye kiatu kimoja, akaikunja karatasi akaitia mfukoni. Sisimizi aliwaomba wenzake radhi mmoja mmoja. Wanne walimkumbatia. Wa tano hajamsemesha bado, na ana haki yake.

Kisha akaja. "Nusu nyingine, Baba."

"Kijani utakachochagua," mumeo akasema. "Na aliniambia hivi, neno kwa neno: brashi ashike yeye, wewe mshikie kopo."

Ulijua, Mama, kwamba hawa wawili watahitaji kazi ya kuwakalisha pamoja? Tumejiuliza sana. Mama mdogo anasema hukujua lolote, ulitaka tu mtoto apake mlango. Mimi nasema mtu aliyejua shuka lililoliliwa hashindwi kujua hilo.

Lile kopo la chini ya kitanda lilikuwa limeganda juu kama uji. Mumeo alilikoroga nusu saa, Sisimizi akalitazama, akasema ndicho hicho hicho. Jumapili walipaka. Fundi wa miaka thelathini alishika kopo akiona rangi inachuruzika, brashi inakwenda kombo, na hakuinyang'anya, ila vidole vilimcheza. Walikuwa wakiongea. Sisi tulikaa uani kwenye mashuka tusisikie, tukasikia sauti tu, yake na yake, mpaka jua likashuka. Sisimizi alilia, na baba yake pia. Tuliporudi ndani, hawakuwa wamenyamaza.

Wewe ulikuwa ukitupa habari tukiwa tunakimbia. Sasa umepita ile kona, hatukuoni, nasi hatuna sauti kama yako. Pokea hizi. Nyumbani si salama sana. Tunakukosa mezani, na upande wako wa kitanda mumeo hajaulalia. Paka amezaa tena, wanne. Mlango ni wa kijani, na Jumanne shuka la mwenye nyumba ya wageni liliugusa. Ulisema. Tumejaribu chumvi, tumejaribu ndimu, tumelianika juani siku mbili, doa halitoki, na Sisimizi ndiye anayelifua.

Wanaokukumbuka ni mumeo, fundi rangi. Mimi mkubwa wako na mkweo uliyemficha mpaka mstari wa mwisho. Mdogo wako, aliyekushika mkono asubuhi ile. Kitinda mimba wako Sisimizi. Wateja wako wote, na mtaa uliokuita Kipaza na ambao sasa umekuwa kimya kuliko tunavyoweza kuzoea.

Hatutakusahau, Mama, leo wala daima. Hii ni nusu. Nusu nyingine tutakupa tukifika.