Kitenge cha Ukutani

Tate,

Ni mimi, bibi yangu, Faida. Mjukuu uliyekuwa unamtambulisha kanisani hivi: "Huyu hasemake, lakini anasikiaka yote." Watu wanacheka, mimi natazama viatu. Basi leo nasema.

Nimekalia kitanda chako. Sasa ni cha Asifiwe. Baada ya mazishi, shangazi wa Columbus na baba mdogo wa Louisville walirudi kwao, nyumba ikabaki na ukimya mkubwa, na Papa akamhamishia mdogo wangu huku kwangu. Nikuambie ukweli, Tate? Nilikuwa nalala kwa kusikia kikohozi chako. Watu wanadhani kilikuwa kinaniamsha. Hapana. Kilipokatika ndipo nilipokuwa naamka. Sasa kimekatika moja kwa moja, na mimi silali vizuri.

Halafu Asifiwe akaanza. Kikohozi kile kile, kikavu, kinachoishia na mluzi. Nikageuza macho yangu ukutani, kwenye kitenge chako.

Unakikumbuka, kile cha bluu chenye ndege wa njano. Ulikitundika baridi yetu ya kwanza hapa Buffalo, maji ya paa yalipoanza kuteremka ndani ya ukuta na ukungu mweusi ukapanda. Papa alimpigia simu mwenye nyumba, akaambiwa tufungue madirisha. Na nje theluji! Ulicheka mpaka ukakosa pumzi: "Aje alale hapa na mke wake, tutafungua pamoja!" Kisha ukapigilia misumari, maana akina mama wa kwaya walikuwa wanakuja kusali. Nikakuuliza kwa nini tusiwaonyeshe. Ukanijibu, "Mugeni anapewaka kiti, hapewake kilio."

Hata kliniki ulikuwa hivyo hivyo. Daktari anauliza nyumbani kukoje, wewe unasema, "Tuko bien, Mungu asifiwe." Mimi mdomo wako, natafsiri: wako vizuri. Wanakupa dawa ya kuvuta, tunapanda basi, unarudi kulala chini ya ndege wako.

Siku hizi kuna jambo jipya. Kliniki, kanisa letu na chama kimoja cha kukarabati nyumba wamepatana: mtoto akikohoa, hapewi dawa peke yake. Watu wanakuja kuona anapolala. Kwetu alikuja Mama Atieno, yule Mkenya wa kliniki uliyesema anaongea Kiswahili cha redio, na mzee mmoja mzungu mwenye ngazi juu ya gari. Mama alikuwa kazini, kwa wazee anaowatunza. Papa alikuwa ametoka kazi ya usiku ghalani, hajalala, lakini alivaa shati la Jumapili. Akawapa viti. Akawapa Fanta.

Mama Atieno akauliza, "Baba Faida, nyumba yenyewe haina shida?"

Nililijua jibu kabla hajafungua kinywa. "Aa non. Bon, tuko bien."

Wakaingia chumbani. Mama Atieno akasifu kitenge, Papa akatabasamu: "Ni cha marehemu mama yangu." Basi wakarudi nyuma kwa heshima, wote wawili. Nani atagusa kitambaa cha marehemu? Walikuwa wameshafika mlangoni. Asifiwe akakohoa.

Tate, unanijua. Mimi ninayeona aibu hata kuomba ruhusa ya kwenda chooni darasani. Nilipanda kitandani na viatu. Papa akasema, "Faida! Shuka! Una nini wewe?" Nikavuta. Nilikuwa nasema pardon, Tate, pardon, lakini sijui kama sauti ilitoka. Kitenge kilianguka kizito, kimelowa mgongoni, na harufu ikajaa chumba. Ukuta ulikuwa mweusi kuanzia kwenye mto wa kulalia mpaka darini. Hata mimi sikujua kama umefika huko.

Papa hakunigombeza. Alikuja akaweka kiganja ukutani, na ukuta ukabonyea. Akasema, "Maman." Hivyo tu, kama mtoto. Kisha akawageukia wageni akalia mbele yao. Papa, Tate! Mama Atieno akaweka soda yake chini. "Pole, kaka yangu. Pole." Haikuwa redio tena.

Wameshatengeneza. Mfereji wa paa ulikuwa umeziba kwa majani. Majani tu, Tate. Mwanasheria wa chama alizungumza na mwenye nyumba, ukuta ukakatwa, ukawekwa mwingine, ukapakwa rangi nyeupe. Hata wiki haikuisha. Kila mtu alishukuru Mungu, na mimi nikajifungia bafuni nikalia kwa hasira, kwa sababu ilikuwa rahisi namna ile. Daktari anasema kifua chako kilichoka tangu zamani, tangu moshi wa kuni kule kambi ya wakimbizi, hawezi kusema ni ukuta. Sawa. Lakini kuna asubuhi naamka nautazama ule weupe, nauchukia.

Asifiwe analala vizuri sasa. Ninafurahi, kweli. Ila kukiwa kimya hivyo, nakutafuta.

Mama alitaka kukitupa kitenge. Nikakifua kwa siki, nikakirudia, nikakianika jua la kwanza lilipotoka. Ndege mmoja amebaki na doa shingoni. Nitakivaa Jumamosi. Mama Atieno ameniomba nimsindikize kwa bibi mmoja hapa hapa Riverside, wa kwetu, anayekohoa na kujibu kila swali kama wewe. Naogopa, Tate.

Lakini nakuahidi: nitapokea kiti, kama ulivyotufundisha. Nitakunywa soda yake polepole. Halafu nitamwomba anipe na kilio.

Lala sasa, Tate wangu. Hapa pako pamekauka.

Faida