Kinda Kwenye Wigi la Mkurugenzi

Zlatina, keti kwanza. Kikao cha vibali vya kushika ndege wa porini hapa Burgas kimeisha sasa hivi, nikusimulie ya mtafiti wetu Rayna.

Alisimama kuomba watafiti waruhusiwe kumwokoa ndege aliyeumia bila kungoja kibali kutoka makao makuu, Sofia, maana wengi wanafia mikononi. Mkurugenzi Pelov akamkatiza: "Bila kibali cha maandishi usiguse hata unyoya!"

Papo hapo kinda la mbayuwayu likaanguka kutoka kiotani, juu darini. Kwenye wigi la Pelov! WIGI LAKE, Zlatina! Makucha yakanasa.

"Nitoleeni huyu!"

Ukumbi mzima ukamgeukia Rayna.

"Sina kibali, Mkurugenzi."

"Nakupa sasa hivi!"

"Cha mdomo hakikubaliki. Si umesema mwenyewe?"

Lakini kinda lilikuwa linajinyonga kwenye zile nywele, na Rayna unamjua. Akalinasua taratibu, akapanda mezani, akalirudisha kiotani.

Pelov, wigi limemwangukia sikioni, akauliza kwa sauti ndogo: "Kinda ni zima?"

"Ni zima."

Kura ilipopigwa, Pelov ndiye wa kwanza kunyoosha mkono. Kanuni ya kuokoa bila kungoja kibali imepita!!

Ila inaanza Jumatatu. Leo Alhamisi. Kwa hiyo Rayna kapewa onyo kwa kugusa ndege bila kibali, na Pelov kalisaini mwenyewe, wigi likiwa bado upande.